Kaski ya Omu Mia Sita

Papa Fundi alikuwa na tabia ya kuwanyamazisha wageni kabla ya kuwasalimia. Ungefika mlangoni kwake, mtaa wa Bulengera mjini Butembo, ukafungua mdomo, naye angeinua kiganja na kutega sikio pembeni kama anayesubiri kitu kianguke. Baada ya sekunde tano au kumi angeshusha mkono. "Sasa karibu. Habari ya nyumbani?" Kwa muda mrefu nilidhani ni maringo. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akikisikiliza chumba: mashine ya jirani ya kusaga mihogo, pikipiki zinazopanda kilima, bati lililolegea juu ya jiko. Alitaka kujua ni kelele gani zilikuwemo tayari, ili asimhesabie mgeni kelele isiyo yake.

Sijui alizaliwa wapi wala sikumwuliza. Nilimfahamu nikiwa mtu mzima, mwenye duka dogo la sola na waya. Aliingia kutafuta risasi ya kulehemu, akaniuliza ina bati kiasi gani ndani yake. Sikujua. Hakununua kitu, ila kesho yake alirudi na kitabu cha Kifaransa kuhusu umeme, kimefungwa kwa karatasi ya saruji.

"Soma. Ukimaliza, urudishe na maulizo," akasema. "Hapana na merci." Asante tupu hakuitaka.

Nilirudi na maswali arobaini na moja, nimeyaandika kwa namba. Aliyajibu mawili tu. Mengine aliniambia nikatafute mwenyewe, kisha nije tulinganishe. Hivyo ndivyo nilivyosoma shule yangu ya pili, nikiwa na ndevu tayari.

Kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kurekodi kwaya kwa ajili ya redio ya kanisa. Alipanda baiskeli, baadaye pikipiki, na mashine ya kanda mgongoni. Alifika Vuhovi, alifika Lubero kwenye baridi, alifika vijiji vya upande wa Beni ambavyo leo nyasi zimefika madirishani. Aliporudi aliandika juu ya kila boksi la kanda kwa penseli: jina la kijiji, jina la wimbo, mikono mingapi kutoka mikrofoni hadi mstari wa kwanza, kama mvua ilinyesha kwenye bati, kama jogoo aliwika na katika ubeti upi. Nimeyasoma maboksi yote. Ni kumbukumbu za mtu makini kuliko wote ninaowajua, na hakuna hata boksi moja lenye jina la mwimbaji.

Nilimwuliza sababu.

"Nilizani sitasahau," akasema.

Wala hakusahau, kwa kweli. Ila majina alikuwa ameyaweka mahali pamoja tu, ndani ya sikio lake. Ukimpa wimbo, angekwambia: huyu wa kushoto ni mama fulani, mume wake alichonga vinu, huyu mwenye sauti ya pua alihamia Butembo, hawa wawili ni mtu na dada yake, na siku ile walikuwa wamegombana, ndiyo maana hawaangaliani. Alisikia kwamba hawaangaliani. Nilicheka. Akanirudishia wimbo mara tatu mpaka nami nikaanza kusikia hivyo, au kudhani nasikia.

Vijiji vilipotawanywa na vita, watu walianza kumjia. Mmoja alimwambia mwenzake sokoni, mwenzake akamwambia wa kanisani. Walikuja kutoka Beni siku barabara ilipokuwa shwari, wakakaa kwenye benchi lake na kuuliza kwa aibu, kama wanaoomba chumvi: Papa, hauna sauti ya baba yetu humo ndani? Hauna ya dada? Wengi walikuwa wametoka nyumbani na nguo za mwilini tu, bila picha hata moja. Yeye angewauliza kijiji, kanisa, alisimama upande gani. Kisha angevaa kaski yake ya kusikilizia na kufunga macho.

Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama Fundi, alikuwa na maoni yake juu ya sikio hilo.

"Huyu anasikia kuku ya zamani akiwika Vuhovi," aliniambia siku moja mbele yake, "mais mimi nikimwita kula, hasikie."

"Chakula yako haina sauti," Papa Fundi akajibu bila kufungua macho.

"Kesho haitakuwa na chumvi pia."

Alikuwa mtu wa mambo yasiyolingana. Alipenda ukimya na akakubali kuishi miaka yote karibu na mashine ya mihogo, kwa sababu mwenye mashine alikuwa mjane na hakutaka kumlalamikia. Aliwakaripia waimbaji wa kwaya waliokohoa, na yeye akipiga chafya mtaa wote ulijua. Alijua nyimbo za kanisa zaidi ya mchungaji, lakini ibadani hakuimba. Alisimama na kitabu wazi, midomo imefungwa. Alisema kwamba akiimba hawezi kusikia wengine.

Ukimletea sauti yoyote na kumwambia ni nzuri, alikasirika. "Hapana sema iko muzuri. Sema unasikia nini." Lakini ukimletea zawadi, hata kitu kibovu, hakuweza kabisa kusema kwamba ni kibovu. Udhaifu huo mmoja ndio uliotuponza.

Kaski yake aliachiwa na fundi wa Ulaya aliyewahi kufanya kazi kwenye redio. Ilikuwa nzito, sponji zake zimeshonwa upya na Mama Fundi kwa kitambaa cha kitenge. Pembeni iliandikwa 600 Ω. Kwa asiyejua: hiyo ni namba ya ukaidi wake kwa umeme. Kaski za simu zina omu thelathini hivi, na umeme mdogo tu wa simu unatosha kuziamsha. Ya omu mia sita ilitengenezwa kwa mashine za studio za zamani, zenye volti nyingi. Ikipata volti zake, inakuonyesha hata pumzi ya mtu wa mstari wa nyuma. Ikizikosa, inanong'ona, na mambo madogo yanazama.

Mashine yake kubwa ya kanda ndiyo iliyokuwa ikiilisha. Iliungua, lakini baada ya kanda zote kunakiliwa kwenye kompyuta. Tulimshukuru Mungu kwa kanda. Kaski ikabaki inategemea tundu la kompyuta, lenye volti isiyofika hata moja na mvumo wake juu. Nilimpelekea kaski mpya za dukani. Alizivaa dakika moja.

"Hizi zinapiga ngoma," akasema.

"Ni kwaya ya bamama, Papa. Haina ngoma."

"Njo vile nasema." Njo ni ndiyo ya huku kwetu.

Na kulikuwa na jambo jingine la haraka zaidi. Kila Januari nilimpima masikio kwa sauti kutoka kwenye kompyuta, nyembamba zaidi na zaidi, naye akainua kidole mpaka asiposikia tena. Niliandika kwenye daftari. Kila mwaka kidole kilishuka mapema kuliko mwaka uliopita. Daktari wa hospitali alimwambia ni umri, na kwamba kilichokwenda hakirudi. Sauti nyembamba ndizo zinazotofautisha mtu na mtu: s yake, pumzi yake, jinsi anavyofunga neno. Papa Fundi alilielewa vizuri kunishinda. Majina yote yalikuwa ndani ya sikio, na sikio lilikuwa likifungwa polepole. Kila mwezi bila kaski inayosikika ulikuwa mwezi uliopotea kwa watu wa benchini.

Basi nikajitolea kumtafutia ampli, kifaa cha kuikuzia kaski umeme wake. Hapa niseme kosa langu bila kulipaka rangi.

Butembo vifaa vya sauti vinaagizwa kwa mfanyabiashara anayesafiri. Unampa karatasi, anaondoka, baada ya miezi mzigo unafika. Na kwenye karatasi hiyo kila mtu huandika wati. Makanisa yetu yanashindana kwa wati: hawa wana elfu moja, wale wakaongeza elfu mbili, mpaka mahubiri ya mtaa mmoja yanasikika mtaa wa tatu. Mimi niliyesoma vitabu, niliyejua tofauti ya volti na wati kama ninavyojua jina langu, nilikaa mezani nikaandika kama shemasi yeyote: ampli ya kaski, wati nyingi iwezekanavyo, iwe na kigeuzi ndani. Kigeuzi ni kile kisanduku ambacho wauzaji hukiita DAC, kinachopokea namba za kompyuta na kuzifanya sauti.

Kilifika kisanduku kizuri, cheusi, chenye taa ya buluu. Maandishi yalisifu wati zake, na chini, kwa herufi ndogo, yalisema zimepimwa kwa omu thelathini na mbili. Kilikula umeme wa kompyuta peke yake, volti tano, na kisanduku cha namna hiyo hakiwezi kutoa volti ambazo hakina. Sikusoma herufi ndogo. Papa Fundi alikichomeka, akasikiliza wimbo mzima, akavua kaski na kunishika mkono.

"Iko muzuri," akasema. "Wasingya." Hilo ni asante ya Kinande, na kwake lilikuwa neno la siku kuu.

Nilipaswa kushtuka. Yule aliyetukataza kusema muzuri alikuwa amesema muzuri. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Wiki chache baadaye alikuja mwanamke kutoka Beni. Nitamwita Mama wa Viazi, kwa kuwa alinunua viazi Lubero na kuviuza Beni, na siku hiyo alishukia kwetu na gunia la viazi la kumpa Papa Fundi kabla hajasema shida yake. Mama yake mzazi alikuwa amefariki ukimbizini. Alikuwa ameimba katika kwaya ya wanawake ya kijiji chao zamani. Picha haikuwepo. Mama wa Viazi mwenyewe alisema, akiangalia mikono yake: "Sura yake ninayo. Sauti njo inanikimbia. Nikijaribu kuikumbuka, nasikia yangu."

Papa Fundi alisikiliza siku mbili. Kanda ya kijiji hicho ilikuwa moja, wimbo mmoja, wanawake kumi na wanne. Sauti moja ilisimama mbele ya nyingine, pana na tulivu. Alimwita yule mama na kumwambia: huyu ndiye. Mama wa Viazi alisikiliza, akajifunika uso kwa kitenge. Nilimwekea wimbo kwenye simu. Akaondoka akiishika simu kwa mikono miwili.

Miezi ikapita. Siku moja, kwa sababu nyingine kabisa, nilikuwa na mita ya volti mkononi nikiwa kwa Papa Fundi, nikapima kinachotoka kwenye kisanduku cheusi. Kilikuwa volti moja na kidogo, na juu ya hapo sauti ilikatwa vichwa kama majani chini ya panga. Nilipima mara nne. Halafu nikamwuliza, kwa nini hakuniambia?

"Ulikuwa umeleta," akasema.

Safari hii niliagiza kama nilivyofundishwa. Niliandika volti ninazotaka zifike kwenye omu mia sita, si wati. Nilitenga kazi mbili: kigeuzi kimoja kidogo, kisicho na mvumo, na ampli peke yake, inayokula volti ishirini na nne. Nilikataa umeme wa mji na nikakataa inverta, kwa sababu inverta ina nyuki wake ndani. Nilichukua betri mbili ndogo za pikipiki, volti kumi na mbili kila moja, nikazifuatanisha. Betri haina kelele. Mfanyabiashara alisoma karatasi yangu, akanitazama.

"Docteur, wati uliandika wapi?" akanitania.

"Sikuandika."

"Itakuwa ya nguvu kweli?"

"Itakuwa ya mutu moja."

Mzigo ulifika. Papa Fundi alivaa kaski, nikapandisha kitasa polepole. Nilimwona akinyoosha mgongo. Alisikiliza kuanzia mchana hadi Mama Fundi alipokuja kuweka sahani juu ya kompyuta kwa makusudi. Kisha akasema anataka kurudia watu wote aliowatambua kwa kisanduku cheusi, mmoja mmoja. Walikuwa sita.

Siku ya tatu alinitumia mtu niende. Nilimkuta amevua kaski, ameiweka magotini.

"Nilikosea," akasema. "Ule mama wa viazi."

Alinivalisha. Wimbo uliisha, na mwisho wake, mahali ambapo zamani nilisikia upepo tu, kulikuwa na watu. Viatu vilisugua sakafu, mtu akacheka kidogo, na sauti ya nyuma kabisa ikamwambia yule mwenye sauti pana: "Mama Mwalimu, umetuvuta juu sana leo." Yule wa mbele akajibu kwa kucheka. Ndiye aliyekuwa mke wa mwalimu wa shule ya kijiji. Mama yake Mama wa Viazi alikuwa mkulima, mke wa mkulima. Aliyepelekwa Beni kwenye simu alikuwa mtu mwingine.

Mama Fundi alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha maharage.

"Umuache," akasema. "Analia vizuri na ile."

"Anamulilia bibi ya mwalimu."

"Na kama unamunyanganya hiyo, utamupatia nini? Unajua wake ni nani mu bale kumi na tatu?"

"Hapana. Sijue."

"Donc? Basi?"

Nilimsaidia mke wake kwa hoja zote nilizokuwa nazo: umri wa yule mama, barabara, na kwamba kosa lilikuwa la kisanduku changu. Alisubiri nimalize. Akasema kisanduku hakikusema "huyu ndiye". Mdomo ndio ulisema, na mdomo ulikuwa wake. Kisha akaniomba nizifunge betri vizuri kwa safari.

Tulikwenda Beni asubuhi, baada ya kuulizia habari za njia kwa madereva wawili tofauti. Alibeba kaski magotini njia yote, imefungwa ndani ya taulo. Mimi nilikuwa na kompyuta, kigeuzi, ampli, na kikapu cha betri ambacho askari wa kizuizi alikifungua na kukiangalia kwa muda mrefu. "Ni ya kusikiliza kwaya," Papa Fundi akamwambia. Askari alidhani anataniwa. Alivalishwa kaski, akasikia ubeti mmoja, akatuachilia tupite.

Mama wa Viazi alitupokea uani, watoto wake wakipanga magunia. Alifurahi, akataka tule kwanza. Papa Fundi alikataa kukaa.

"Mama, nilikukosea," akasema, amesimama. "Ile sauti nilikupatia haiko ya mama yako. Ni ya mutu mwingine. Sikusikia vizuri, na nikasema kama mwenye anajua."

Yule mama alikaa juu ya gunia. Hakulia. Alimwangalia, kisha akaniangalia mimi, kama vile mmoja wetu angeweza kubadili maneno hayo.

"Ya mama yangu haiko, basi?"

"Inaweza kuwa iko. Mimi siwezi kusema tena. Utasikia wewe."

Tulipanga vitu juu ya meza ya kulia. Papa Fundi alimvalisha kaski mwenyewe, akairekebisha juu ya kilemba, akanionyesha kitasa kwa kidole: kidogo, kidogo tena. Hakumwambia asikilize upande gani. Aligeuka akaangalia ukuta, ili uso wake usimwongoze.

Wimbo ulipita mara moja. Yule mama hakusogea. Ukapita mara ya pili. Mara ya tatu aliinua mkono.

"Rudisha mwanzo."

Nikarudisha.

"Tena. Pale bananza."

Nikarudisha pale. Akaanza kutabasamu kabla ya machozi, na vyote viwili vikabaki usoni pamoja.

"Kuna mutu anaingia mbele ya wenzake," akasema. Kwa sababu ya kaski alisema kwa sauti kubwa, watoto wakageuka. "Huko nyuma, ku mukono ya kuume. Kila mara. Bengine bakingali banavuta pumzi, yeye amekwisha kuingia. Njo yeye. Mama hakujua kungojea. Hata kwa sala, amina yake ilikuwa inatangulia. Pasteri alikuwa anamuchekelea."

Papa Fundi aligeuka kutoka ukutani. Aliomba kaski, akasikiliza mahali hapo pekee, akatikisa kichwa kwa kukubali. Nami nilisikiliza. Ilikuwa sauti nyembamba, yenye mkwaruzo kidogo, ambayo katika kisanduku cheusi isingekuwepo kabisa.

Nilichukua simu ya yule mama nimwekee wimbo upya, kipande hicho kikiwa kimeinuliwa. Nikamwuliza kama nifute ile ya zamani.

Alinishika mkono.

"Hapana. Ule mama nimekaa naye miezi yote hii. Batoto yangu banalala naye." Alifikiri, akimwangalia Papa Fundi. "Bibi ya mwalimu alikuwa na batoto?"

"Batoto bane," Papa Fundi akasema. "Sijue bako wapi."

"Basi mubatafute. Mupaka bafike, mimi njo nitamuchunga."

Kisha akavaa tena kaski juu ya kilemba, na sisi tukatoka uani tukamwacha na mama yake.